Jumamosi moja na wanaoendesha chemshabongo ya vyuo

Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye bodaboda kutoka Manyatta, katoni ya maswali nimeikumbatia. Maswali tunayachapisha usiku wa kuamkia mashindano, tunayatia kwenye bahasha, tunagundisha, na hakuna anayelala nayo isipokuwa mimi. Ninaratibu watu wa kujitolea katika chemshabongo ya vyuo hapa Kisumu. Jioni picha zinazosambaa huwa za washindi na kombe, kwa hiyo wengi hudhani kazi ni kushika kipaza sauti na kuuliza maswali. Leo niwasimulie kuhusu wale wasioonekana pichani.

Saa kumi na mbili tunafungua madarasa na kupanga viti. Kila chumba kina msomaji wa maswali na karani wa alama. Hawalipwi. Wanapata chakula cha mchana, na nauli pale michango inapotosha. Safari hii haikutosha, na niliwaambia mapema wiki hiyo. Wote walifika. Mwalimu wa shule ya msingi alitoka Ahero na matatu ya kwanza. Dada nesi alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akanawa uso kwenye mfereji wa nje, akaomba kalamu.

Mtihani wa kwanza wa siku ni buza, vile vitufe vya kuomba kujibu. Anayebonyeza wa kwanza anawafungia wengine wote, na taa yake ndiyo inayowaka. Katika chumba cha tatu taa moja ilikuwa inawaka bila kuguswa. Kijana anayesomea umeme alilala chali chini ya meza, simu ameibana kwa meno ili tochi imulike, akakata waya uliokatikia ndani ya plastiki na kuuunga upya. Timu zilipoingia saa tatu kasorobo alikuwa ameshajipangusa vumbi, wala hakuna aliyejua kwamba palikuwa na tatizo.

Kuanzia saa tatu hadi saa saba ni raundi, fomu, raundi, fomu.

Ila niseme kidogo kuhusu kusoma, maana hapo ndipo watu wanapodharau. Swali hupangwa kuanzia dokezo gumu hadi jepesi, na mchezaji anaruhusiwa kubonyeza hata katikati ya sentensi. Taa ikiwaka, msomaji anyamaze papo hapo, kwenye silabi aliyofikia. Neno moja la ziada linaweza kumpa mpinzani jibu. Karani naye anaandika: jibu la mapema 15, la kawaida 10, ukiwahi ukakosea unakatwa 5, kisha timu iliyopata inaendelea na maswali matatu ya nyongeza, 10 kila moja. Yote hayo kwa mkono, huku ukumbi unapiga makofi. Wasomaji wangu wakifika mchana sauti zimekwaruza. Mama wa jikoni anawajua sasa: kabla ya ugali, sukuma na omena, anawaletea maji ya moto yenye tangawizi.

Saa tisa, nusu fainali. Mwalimu wa Ahero akaanza swali: maporomoko haya ya Mto Nile karibu na Jinja yalizama bwawa lilipokamilika mwaka 1954... Taa ikawaka. Mchezaji akajibu, "Owen." Karatasi ilisema Ripon. Mwalimu akafuata karatasi, akatangaza si sahihi, alama 5 zikakatwa. Akaendelea kuwasomea wapinzani, akafika pale Speke, mpelelezi Mwingereza, anapoyaona mwaka 1862 na kuyapa jina, nao wakajibu Ripon. Mechi ikaisha kwa tofauti ya alama 10.

Kocha wa kwanza alinijia mbio. "Mratibu, hapo mmetuonea!" Kocha wa pili akaja nyuma yake akisema uamuzi wa msomaji ni wa mwisho. Wachezaji wakajaa kwenye korido, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na ushahidi wake. Ukweli ni kwamba bwawa la Owen Falls lilizamisha maporomoko yote mawili, Owen na Ripon. Kanuni yetu inasema jibu linalokubaliana na kila dokezo lililosomwa hadi hapo ni sahihi. Kwa hiyo jambo la kuamua lilikuwa moja tu: je, taa iliwaka kabla ya jina la Speke, au baada? Pande mbili ziliapa vitu tofauti. Dada nesi, karani wa chumba hicho, ambaye hakuwa amelala tangu juzi yake, akafungua fomu bila kupandisha sauti. Pembeni ya ile 5 iliyokatwa alikuwa ameandika "1954", neno la mwisho lililosomwa. Mkwaruzo mmoja wa kalamu ukamaliza ubishi. Alama zikarudishwa, na ushindi ukahama.

Kocha aliyepoteza akamgeukia mwalimu, mtu wa umri wa baba yake, akamwambia amenunuliwa. Mbele ya wanafunzi. Niliumia sana. Mwalimu akamtazama, akasema, "Kijana wangu, nimekuja kwa nauli yangu." Kisha akaingia chumbani kupanga bahasha ya fainali.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Fainali ilichelewa, stima ikapotea katikati, vijana wakamulika kwa simu hadi jenereta ikawaka. Kombe, picha, basi za vyuo zikaondoka. Waliobaki ni walewale: wanakunja kebo, wanafagia maganda ya njugu, wanahesabu viti vya kukodi. Dada nesi alikuwa na zamu tena usiku huo.

Mwalimu, dada nesi, fundi wetu wa buza, mama wa jikoni na ninyi nyote mliokaa na fomu siku nzima: asanteni sana. Timu zilizocheza zilicheza kwa sababu yenu.

Mashindano yajayo tunahitaji wasomaji na makarani zaidi. Kama uko Kisumu, Maseno, Ahero au hata Kakamega, na unasoma kwa sauti inayosikika hadi kiti cha nyuma, njoo mapema Jumamosi hiyo. Kujaza fomu tutakufundisha hapo hapo kabla ya raundi ya kwanza.