Majibu Yalikuwa Tayari Kwenye Faili

Wagonjwa wa ini waliofika kwenye kituo chetu cha umma walikuwa wakija macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji, wengine wanatapika damu. Iliniuma sana, kwa sababu baadhi yao tulikuwa tunawahudumia kwenye kliniki ya kisukari miaka mingi, na damu yao tumeipima mara kwa mara.

Kisukari cha aina ya pili huenda pamoja na mafuta kwenye ini, na kwa wengine mafuta hayo huacha makovu bila maumivu yoyote. Makovu hayo hukadiriwa kwa hesabu ya FIB-4: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani (zile za kugandisha damu) zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT; AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Mtu wa miaka 58 mwenye AST 48, ALT 36 na chembe sahani 150 anapata takriban 3.1. ALT hiyo peke yake haimshtui daktari yeyote, ilhali FIB-4 yoyote iliyozidi 2.67 inataka mtaalamu. Chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi. Kwa waliovuka miaka 65 tunatumia 2.0 badala ya 1.3.

Kazi ilikuwa kumpata wa kuipiga hesabu hiyo, foleni ikiwa vile. Nikamfuata mkuu wa maabara.

“Namba zote unazo wewe, kaka. Mbona kompyuta isituandikie jibu?”

“Mniandikie na vikomo,” akasema, “nisije nikaulizwa mimi maana yake.”

Tukaviandika. Sasa FIB-4 inatoka kwenye karatasi ileile ya majibu, na muuguzi ana fomu ya rufaa mezani. Nadhani fomu hiyo ndiyo iliyotuokoa kuliko semina zote. Walio katikati ya vikomo hivyo wanapimwa ugumu wa ini kwa mashine ya mawimbi. Asiyefika kilopaskali 8 anaendelea na kliniki yake. Aliyezidi kikomo hicho tunampima pia virusi vya ini, hepataitisi B na C, kwani C hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na B hudhibitiwa kwa dawa ya tenofovir.

Mgonjwa namwambia mapema kwamba namba kubwa bado si ugonjwa. Wapo wanaopimwa wakakutwa ini lao ni laini. Vijana chini ya miaka 35 hesabu hii haiwafai sana, hao tunawapeleka moja kwa moja kwenye mashine tukiwa na shaka.