Nyama ya Sambusa ya Shangazi

Mwaka ule kumi la mwisho la Ramadhani lilimkuta shangazi na bandeji mkononi. Akakalia mbuzi ya nazi pembeni ya jiko, akawa wa kuamrisha tu. Mikono ikawa yangu.

Swali la kwanza: "Nyama imeoshwa lini?"

Nyama ya kusaga haioshwi. Huoshwa pande lenyewe, likachujwa maji, ndipo likasagwa, na kwa sambusa kusaga mara moja kwatosha. Ukiiosha ikishasagwa inakunywa maji, na hayo utapigana nayo hadi mwisho.

Kilo 1 ikaingia sufuriani bila mafuta wala maji, pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha thomu iliyotwangwa, kimoja cha tangawizi, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Moto wa wastani. "Vunja sasa hivi, mwanangu, ingali nyekundu." Donge likishaiva halivunjiki tena, na ndilo linalotoboa manda, zile karatasi za unga za kufungia sambusa. Basi nikawa naponda kwa mwiko huku nyama ikitoa maji yake.

Kama dakika 20 hivi nikadhani tayari. Yeye hata hakuinuka. "Bado, hiyo inatokota. Ikianza kukaangika utaisikia." Na kweli mlio ulibadilika. Akaniambia niinamishe sufuria: kikitiririka kitu cheupecheupe, hayo ni maji, rudisha motoni, yakiwa mafuta matupu, yamwage. Hapo ndipo nikatia kijiko cha chai cha uzile (bizari nyembamba) uliokaangwa na kusagwa, na nusu kijiko cha pilipili manga. Hiliki hakutaka hata kuisikia.

Sehemu inayowashinda wengi ni vitunguu. Vikubwa vinne, vikatwe vidogo kabisa, visitiwe chumvi, vikamuliwe kwa kitambaa safi. Haviingii mpaka nyama iwe imetandazwa kwenye sinia na kupoa kabisa. Nyama ya moto huvipika vitunguu, navyo hutoa maji. Manda inalowa, inapasuka kwenye karai, mafuta yanakurukia. Kotmiri nayo ikaushwe kwanza, na pilipili mbichi ni kwa kadiri ya wanaofuturu.

Kijiko kimoja cha mezani kwa kila manda. Gundi ni unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ukawa mzito. Kila niliyofunga shangazi aliinua juu kwenye mwanga akatazama pembe: kitundu kidogo tu kwenye ncha, sambusa inajaa mafuta. Alinirudishia kadhaa.

Kabla ya kukaanga hutupwa kipande cha manda karaini. Kikipanda polepole na mapovu madogo, sawa. Kikibadilika rangi papo hapo, punguza moto, la sivyo sambusa itaungua nje na kubaki laini ndani ya mikunjo.

Nyama ya akiba itengwe kabla ya kutiwa vitunguu, iende friza. Ikishachanganywa ni ya siku hiyohiyo.