Euro 35 za kuonja waini, na mnazi wa babu je?

Nimerudi nyumbani jana karibu saa sita usiku hapa Turin na usingizi haukuja, manake kuna maneno yamenikaa rohoni. Ofisini kwetu walifanya jioni ya kuonja waini, kila injinia aje na mgeni wake, euro 35 kwa kichwa, nami nikaenda na mke wangu. Euro 70 hizo. Wewe uliye Malindi piga hesabu mwenyewe ni magunia mangapi ya mahindi.

Waini zilikuwa tano, unamiminiwa kama vidole viwili tu kwenye glasi kubwa yenye tumbo, unazungusha, unanusa, unavuta kidogo, na ukitaka unatema kwenye ndoo. Tulianza na Moscato d'Asti, tamu, inachemka kidogo ulimini, kilevi chake kama asilimia 5, mtaalamu akatueleza kwamba huipiga baridi ili isiendelee kuchacha, ndio sukari ibaki. Nilipoonja nikamwangalia mke wangu, naye ameshaniangalia. Tembo tamu! Ile pombe yetu ya mnazi ya alfajiri, inayoteremshwa kabla jua halijapanda. Mwisho ikaja Barolo, ambayo kwa sheria zao lazima itunzwe miezi 38 na kati ya hiyo 18 iwe ndani ya pipa la mbao, ikanikausha ulimi kwa ukakasi kama nimetafuna bibo bichi. Nikalisema hilo, nikawaeleza bibo ni nini.

Hapo bwana mmoja, mume wa mwenzetu wa kazini, akaniambia polepole kama anayefundisha mtoto, kwamba kwetu Afrika watu wanakunywa walewe tu, hii ya kuonja inataka ustaarabu wa karne na karne. Watu wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Manake babu yangu alikuwa mgema kule Ganda, karibu na Malindi. Alikuwa anapanda asubuhi na jioni, miguu kwenye vidato vilivyokatwa shinani, kotama, kile kisu cha kugemea, kiunoni, akifika juu anakata karara la maua ya mnazi kipande chembamba kama karatasi, ukikata kinene umeliua, ukikosa kukata siku moja utomvu unakauka. Kibuyu alikuwa anakinusa kabla hajakifunga, akikuta harufu ya jana anakisuuza tena, maana masimbi, yale mashapo ya jana, ndiyo yanayouchachusha mnazi wa leo haraka. Sisi watoto tulikuwa tunamletea maji. Alikuwa akivuta kwa mrija mara moja tu anakwambia huu ni wa mnazi upi, wa kisimani au wa kule mpakani, na mvua ikinyesha usiku anajua kabla ya kuonja kwamba utakuwa mwepesi. Kwanza anamwaga kidogo chini kwa ajili ya wazee waliotangulia. Na kwetu Wagiriama mahari haizungumzwi bila mnazi kuwepo, sasa huo kama si ustaarabu ni nini?

Na niseme kweli, hata nyumbani tunauonea mnazi. Askari wakiingia mangweni, kule mnazi unakouzwa na kunywewa, wanamwaga mitungi na wazee wanakimbia, halafu jioni hiyo hiyo kwenye hoteli za ufukweni wageni wanafunguliwa chupa iliyotoka huku na kila mtu anaiheshimu. Hilo linaniuma kuliko maneno ya yule bwana.

Nyinyi mnaoniandikia mnataka kuja, sikizeni. Digrii yako peke yake haikufanyi injinia huku, kuna mtihani wa serikali na kuandikishwa kwenye daftari lao ndio uitwe ingegnere, na karatasi za chuo anzeni kuzishughulikia ubalozini mkiwa bado huko. Jifunzeni Kitaliano mapema, mlio Malindi hamna sababu ya kushindwa, Waitaliano mnao hapo hapo. Na mkialikwa jioni kama hizi nendeni, hata usiyekunywa nenda, watu wanajuana hapo na kazi zinasikika hapo, hakuna anayekulazimisha kumeza.

Tukielekea kuchukua makoti, mama mmoja mzee, injinia mstaafu, akanifuata. Nikadhani ataniambia aliwahi kupanga villa Malindi, manake huku ukitaja Malindi kila mtu ana habari za bahari. Yeye akaniuliza, "Ngomeni ni karibu na kwenu?" Anajua lile jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, San Marco, baharini, anajua setilaiti iliyorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu, ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza eksirei za nyota. Jamani, nilitaka kulia.

Halafu akasema, sasa nieleze huo mnazi, nilikuona ulitaka kusema. Tukasimama pale mlangoni karibu nusu saa na makoti mkononi, akiuliza kama injinia, kisu kina pembe gani, kata ina unene gani, kwa siku unatoka lita ngapi, unachacha kwa saa ngapi, na mke wangu akimwonyesha kwa mikono jinsi karara linavyofungwa kamba likainamishwa taratibu kila siku. Kadi za kuonjea zilikuwa na mistari sita na waini zilikuwa tano. Kwenye ule wa sita akaandika, nikimtajia herufi moja moja: Mnazi, Ganda, asubuhi.