Ufukwe ni amana, sio kiwanja

Juzi usiku malori yamerudi tena. Saa nane hivi tumelala, unasikia tu maramu, ule udongo mwekundu wa kufukia, inamwagwa kwenye mafunjo, asubuhi nikashuka na mama mmoja anayeanika dagaa kule chini tukakuta eneo kama nusu uwanja wa mpira limeshafukiwa, na samaki mmoja mdogo, kamongo, anajisukuma kwenye tope jekundu anatafuta maji. Mama akamtia kwenye ndoo akamrudisha ziwani. Hakusema kitu.

Sisi tuko Uganda, ufukweni mwa Ziwa Victoria, huku upande wa barabara ya Entebbe, sio mbali na ghuba ya Lutembe, ambayo tangu 2006 iko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu, sababu ndege wanatoka mpaka Ulaya kuja kukimbia baridi yao hapa. Wazee wanasimulia kulikuwa na mamba anaitwa Lutembe, ukimwita jina anatoka majini unampa samaki. Na kwa Waganda ziwa lenyewe ni Nalubaale, lina wenyewe, Mukasa, mungu wa ziwa, hekalu lake liko Bubembe kule visiwa vya Ssese, kwa hiyo huwezi kuja tu na lori.

Ijumaa shehe wetu akasoma ile aya ya Al-Aaraf, msifanye uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa, akasema jamani ufukwe ni amana. Jumapili padri naye akaligusa. Mimi nikaenda kufungua Katiba ya 1995, ibara ya 237: maziwa, mito na vinamasi serikali inavishika kwa niaba ya wananchi wote. Si ndo amana hiyohiyo ya shehe! Na kanuni za mazingira za 2000 zinalinda mita 200 za ukingo wa Victoria. Sasa huyo tajiri anayetuma malori, hati ya ardhi kaipata wapi? Msimamizi wake tulipomuuliza akatujibu, "Wazee wangu, hati tunayo, nendeni mahakamani."

Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita hata rekodi ya 1964, watu wakahama na magodoro kichwani. Mafunjo ndo yanapunguza nguvu za maji na kuchuja uchafu wetu wa mjini, ukifukia hapa unamsukumia jirani mafuriko, hilo linaniuma sana.

Jumamosi baada ya alasiri tunashuka wote, shehe, padri na wazee wa ziwa, tukae pale malori yanapopita. Njoo na gambuti, tope linafika magotini.