Kofia za Wabunge

Baba alikuja kututembelea Maryland Desemba 2018. Maduka hakuyataka. "Nipeleke pale George Washington, yule rais wa kwanza wa Marekani, alipokabidhi jeshi," akaniambia. Baba ni mwanajeshi mstaafu, Kagera alikwenda na akarudi, na habari za makamanda hazimchoshi.

Tukaenda Annapolis, kwenye jengo la bunge la jimbo. Chini ya kuba, hotuba yake ya kujiuzulu ukamanda imehifadhiwa ndani ya kioo, kwa mwandiko wa Washington. Baba aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu. Baadhi ya maneno yamekatwa kwa wino. "Kaifikiria sana," akanong'ona.

Ukumbi wa zamani wa Seneti ni mdogo kuliko nilivyodhani. Sanamu ya shaba ya Washington imesimama mle. Nikamsimulia Baba: tarehe 23 Desemba 1783, Kongresi, yaani Bunge la nchi, ikiwa kikaoni humu, jemadari aliyeongoza vita vya uhuru dhidi ya Waingereza tangu 1775 bila mshahara aliwainamia wabunge. Wao walikaa vilevile na kofia zao kichwani. Walizivua kuitikia, lakini hawakuinama. Mmoja wao, James McHenry, alimwandikia mchumba wake siku hiyohiyo kwamba mkono ulioshika karatasi ulikuwa unatetemeka. Kisha Washington akarudisha hati ya kamisheni, ile iliyompa ukamanda, akashika njia ya Mount Vernon, shambani kwake.

"Raia wamekaa, mkuu wa majeshi kasimama," Baba akasema. Akarudia tena, polepole. Nami naamini imani ya wanamapinduzi wale, kwamba jeshi liko chini ya raia, inaonekana hapo kuliko hata kwenye Azimio la Uhuru la 1776. Miezi tisa kabla, maofisa wa Washington, wakidai malipo yao, walikaribia kuligeukia Bunge, naye akawatuliza. Bunduki alikuwa nazo. Cheo alikihesabu amana, akakirudisha kwa wenyewe.

Baba akavua kofia ya sufu niliyomnunulia, akasimama wima kama yuko gwaridani.

Baadaye akauliza, "Na farasi wake alikuwa anashikiwa na nani?"

Nikamtajia William Lee, mtumwa wake, aliyekuwa naye vita vyote. Uhuru aliupata kwa wasia wa Washington, bwana wake alipofariki Desemba 1799.

Baba alihesabu kimyakimya. "Miaka 16 baada ya siku hiyo."

"Ndiyo, Baba."

Akaitazama sanamu kitambo. Kisha akaikunjua kofia yake, akaivaa, akaishusha mpaka masikioni. Tulikuwa bado ndani.