Krimu ya mkebe mweupe

Kazi yangu ni kupamba maharusi hapa Lamu. Napaka hina, nasinga, nafukiza udi, nafunga vikuba vya asmini. Katika kazi hii uso wako mwenyewe ndio tangazo. Mama wa bi harusi akikukalisha kuzungumza bei, haulizi picha za simu kwanza, anakutazama wewe. Na mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa naingia nyumba za watu na ninja, yaani niqabu, usoni, sivui hata tukiwa wanawake peke yetu ndani, nasingizia mafua.

Ilianza Mfungo Mosi. Watu wametoka kwenye saumu, harusi zimepangana, nami nina nne ndani ya wiki mbili. Usingizi hakuna, chakula ni biriani la usiku wa manane, na kidevu kimejaa chunusi. Hizo chunusi si neno, zinapita. Kilichoniuma ni madoa meusi zinayoyaacha nyuma, maana kwa ngozi nyeusi kama yangu doa moja hukaa miezi. Rafiki yangu akaniletea krimu kutoka Mombasa, ndani ya mkebe mweupe usio na karatasi wala maandishi, imechanganywa hukohuko dukani. Rangi yake ya maziwa ya unga, harufu ya waridi la sabuni. "Paka usiku tu," akaniambia, "asubuhi utanipigia simu mwenyewe."

Nilimpigia siku ya nne. Chunusi zilikuwa zimenywea. Wiki ya tatu nikawa nang'aa kiasi kwamba wateja wanauliza siri, na hapa naandika kwa haya: mmoja wao nilimchotea kijiko nikamtilia kwenye kikopo cha hina.

Mkebe uliisha kusi imeshika na rafiki yangu kasafiri. Nilikaa siku mbili bila kupaka. Ya tatu niliamka uso unawaka kama niliyeukaribia mkaa wa chetezo. Pembeni mwa pua na kuzunguka mdomo vilikuwa vimetoka vipele vidogo vingi vya rangi moja, kama tembe za mtama, na mashavuni ngozi imekuwa nyembamba hata mishipa midogo myekundu inaonekana. Maji yakigusa, yanachoma. Vifundo vya vidole navyo, ambavyo nilikuwa sivitazami, vilikuwa vimebaki vyeusi huku mgongo wa mkono umepauka. Alama hiyo ya vidole naijua tangu utoto. Tulikuwa tukiwacheka watu kwayo.

Bibi yangu ndiye aliyenivua ninja. Akanishika kidevu, akanigeuza upande wa dirisha. "Mwanangu, hili si yuwa wala si munyu. Umepaka nini?" Yaani si jua wala chumvi. Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliniambia nikaoneshe hospitali, akanyamaza siku nzima, na kwangu ule unyamavu ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Nilipanda boti mpaka Mokowe, nikashika basi la Mombasa, Garsen, Malindi, uso nimeufunika kwa leso iliyoloa maji. Daktari wa ngozi, mama wa makamo, alikuwa ameniambia kwa simu nije na kila kitu ninachopaka. Nilimwaga mfuko mezani kwake: mkebe mtupu, sabuni ya dawa, mafuta ya nazi, liwa ya kijiti cha msandali, singo ya karafuu ya kusugulia mwili, limau la unga, marashi, poda. Alivipanga kwa mstari kama mtu anayepanga karata, kisha akavisukuma vyote upande mmoja. "Dada, uso wako hauhitaji kitu kipya. Unahitaji kuachwa."

Akanieleza kilichonipata. Krimu za namna ile mara nyingi hutiwa steroidi kali, kama klobetasoli, ambayo ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi ikipakwa kwa muda mfupi na kwa maelekezo. Hubana mishipa ya damu na kuzima uvimbe, ndiyo maana chunusi hunywea na uso ukaonekana safi. Ukiendelea, ngozi inakonda, na ukiacha, mishipa iliyobanwa inafunguka yote kwa mpigo na uvimbe unarudi na ndugu zake. Mtu anadhani ugonjwa umerudi, anapaka tena, anatulia, na hapo ndipo anapofungwa. Nyingine hutiwa haidrokwinoni ya kuzuia rangi ya ngozi, na nyingine zebaki, ambayo hupenya ngozini na kuharibu figo. Hizi mbili zimepigwa marufuku katika vipodozi Kenya, lakini mkebe usio na maandishi nani atausoma?

Hakunikatia ghafla. Alinipa krimu hafifu ya kupunguza pole pole, kila siku kwanza, kisha siku moja na kuruka moja, kisha mara mbili kwa wiki, kisha basi, pamoja na vidonge vya kumeza. Hiyo ilikuwa ratiba yangu. Mwenye shida kama hii akapewe yake, asiige ya mwenzake kama nilivyoiga mimi krimu. Akanipa na miiko: usoni nisiguse kitu kingine chochote isipokuwa sabuni laini ya maji isiyo na harufu, na losheni nyepesi isiyo na harufu. Liwa hapana. Singo hapana. Bibi aliposikia liwa nayo imekatazwa alikasirika kweli, akasema huyo daktari ni wa bara.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya, sitazipamba. Nilikuwa najikuna usingizini. Nilikataa harusi mbili. Kilichonisaidia kuvumilia ni hesabu aliyonipa daktari: ngozi hujibadilisha kwa takriban wiki 4, na ukubwani huchukua zaidi, kwa hivyo nisihukumu kitu chochote kabla ya miezi miwili. Nilipiga alama kwenye kalenda ya ukutani nikaacha kujitazama kwenye kioo cha chumbani, chenye mwanga mkali. Cha ukumbini kina kivuli. Nilitumia hicho.

Jambo ambalo sikulitegemea ni maji. Mji wa Lamu unakunywa maji ya visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na ya bombani kwetu yamekuwa na ladha ya chumvi. Mtu aliyezaliwa hapa hayaoni tena. Lakini chota kata moja, sugua sabuni ya kipande, utaona: povu halisimami, na juu ya maji kunabaki utando mweupe kama ukoko wa uji. Ule utando ni sabuni iliyoshikana na chokaa ya maji, na ndio uliokuwa unabaki usoni mwangu na kwenye nywele miaka yote, nami nikiusugua kwa sabuni zaidi nikidhani ni uchafu. Sasa nakinga maji ya mvua masika, nayaweka madumu manne kwa ajili ya uso na kusuuzia nywele tu. Yakiisha natumia ya bomba na ile sabuni ya maji, ambayo haigandi hivyo. (Bibi anakumbuka birika la kuwekea maji la nyumba yao lililokuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na anaapa ngozi za zamani zilikuwa nzuri kwa sababu ya maji yale. Sibishani naye.)

Asubuhi siku hizi naosha uso kwa maji matupu. Sabuni ni usiku, mara moja, kwa vidole, si kwa dodoki. Napanguza kwa kugusagusa na kitambaa cha pamba, naacha unyevu kidogo, napaka losheni papo hapo. Haichukui dakika tatu.

Jua ndilo lililonigharimu. Tulivyolelewa, kinga ya jua ni ya Wazungu wa Shela. Daktari akaniambia ngozi nyeusi haiungui upesi, kweli, lakini doa lililopo jua hulikoleza, na mimi natoa madoa kwa mkono mmoja nikiyarudisha kwa mwingine kila nikipanda boti. Bahari na mchanga vinarudisha mwanga, kwa hivyo hata chini ya turubai la boti unapigwa. Ya kwanza niliyonunua ilinifanya kama niliyeangukia unga wa ngano; nilimpa dada yangu mweupe. Ya pili ina rangi ya hudhurungi inayotokana na oksidi ya chuma, na hiyo rangi si urembo tu, huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa kwa watu weusi. Kinga yenye kipimo cha SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile miale ya jua inayounguza, lakini ukipaka ya kutosha: mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Mimi mwanzo nilikuwa nabana tone kama la dawa ya macho kwa sababu ya bei. Siku za safari napaka tena kila baada ya saa mbili. Ninja nayo inasaidia, ila nyeusi nyepesi ukiiinua juani unaona vidole vyako vyote upande wa pili.

Nywele zilikuwa na kesi yao. Nilikuwa na mba ya kudondoka mabegani, na pembe za paji zimeanza kurudi nyuma. Mba nilikuwa naitibu kwa mafuta ya nazi, nayamimina kichwani, nakanda. Kumbe ngozi ya kichwa ina kuvu wake anayeishi kwa mafuta, nami nilikuwa namwandalia karamu. Juu ya hayo nilikuwa naoga alfajiri, nafunga kilemba nywele mbichi, buibui juu, mpaka magharibi. Unyevu, joto, giza. Sasa naosha nywele usiku wa kuamkia siku nisiyo na kazi, zikauke kabisa kwanza. Nilitumia shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuvu, mara mbili kwa wiki, naiacha dakika 5 ndipo nasuuza, na baada ya mwezi nikapunguza.

Mafuta ya nazi sikuyaacha, niliyahamisha. Bibi alikuwa akitupaka kwenye nywele zenyewe kabla ya kutuosha, si baada, nasi tukimwona wa kale. Alikuwa sawa: mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea unapoosha. Kwa hivyo nakuna nazi mbili, nakamua tui zito, nalichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yaishe na makapi yawe ya kahawia chini ya sufuria, nachuja. Napaka kuanzia kati kwenda ncha, natia kofia ya nailoni nusu saa, naosha. Kwenye ngozi ya kichwa hapana, na usoni hapana kabisa, kwangu huziba na kuleta chunusi.

Pembe za paji zilikuwa kosa la misuko. Twende kilioni iliyobanwa mpaka macho yanavutika, unameza panadol ndipo ulale. Msuko ukiuma unang'oa. Mapema nywele hurudi; ukichelewa vinyweleo hufa na pale panabaki laini kama kiganja. Upande wangu wa kulia zimerudi. Wa kushoto hazikurudi, na nimeacha kuzingoja.

Nilipopata nafuu ndipo nikaanza kutazama mkoba wangu wa kazi kwa jicho lile la daktari. Piko niliitoa. Ile nyeusi inayokoza ndani ya nusu saa hutiwa PPD, kemikali ya rangi za nywele, na nimewahi kuona mkono wa mteja ukivimba malengelenge kufuata ua lilelile nililomchora. Sasa napaka hina tupu, inalazwa usiku kucha, asubuhi ina rangi ya chungwa na bi harusi ananuna, kesho yake imekolea anacheka. Wateja wengine nimewapoteza. Singo naendelea nayo, lakini mwilini tu. Karafuu na usoni wapi na wapi.

Liwa ilirudi mwezi wa saba, kwa ruhusa. Mara moja kwa wiki, usiku, nakisugua kijiti juu ya jiwe kwa maji ya mvua bila marashi, mpaka kitoke uji wa rangi ya mchanga unaoshika kidole. Bibi hukaa kando kuhakikisha nazungusha upande mmoja.

Yule niliyemchotea kijiko nilimfuata nyumbani kwake Langoni. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa ameshanunua mikebe miwili zaidi, na uso wake bado ulikuwa unang'aa, kwa hivyo hakuniamini mpaka nilipovua ninja. Madoa yangu wakati ule yalikuwa hayajaisha. Alinitazama muda mrefu, akaingia ndani, akarudi na mikebe yote miwili, mmoja haujafunguliwa. Daktari wangu tulimpigia simu palepale barazani, kwa sauti ya juu, wote wawili tukisikiliza.