Goli ambalo sikuliona kwa Mkapa

Tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 2023, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger ya Algeria, mimi nilienda uwanja wa Mkapa na mjomba wangu ambaye ni Simba damu. Wenzangu walinishangaa sana, unaendaje fainali ya Wananchi, yani sisi Yanga, na mtu wa Msimbazi, ila huyu mzee mwaka 1993 alikuwepo pale Taifa, ule uwanja wa zamani ambao sasa hivi tunauita Uhuru, Simba walipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Kule Abidjan walitoka 0-0, watu wakajua kombe limeshaingia kabatini, af nyumbani wakapigwa 2-0. Jina la Boli Zozo, mfungaji wao, mjomba analitaja mpaka leo kama jina la mtu aliyemdhulumu kiwanja. Toka hapo miaka 30 hakuna timu ya Tanzania iliyorudi fainali ya Afrika. Akaniambia mjomba, mi nataka kombe libaki hapa safari hii, mambo ya rangi tutagombana wiki ijayo.

Tulishuka Uhasibu mapema tu lakini watu walikuwa wameshajaa mpaka barabarani, kijani na njano kila unapogeuka, vuvuzela, wamama wamejipaka rangi usoni, watoto wamebebwa mabegani. Getini palikuwa pabaya. Tulibanwa hadi miguu yangu ikawa haigusi chini vizuri na mjomba alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma hakuniachia mpaka tumeingia ndani. Baadaye tukaja kusikia kuna mtu amefariki kwenye ule msongamano na wengine wengi wameumia, Mungu amrehemu, mtu ametoka kwake kwenda kuangalia mpira hakurudi. Mpaka leo nikiona geti limejaa nakaa pembeni nasubiri.

Dakika ya 32 Mahious akatufunga. Yani ule uwanja wa watu elfu 60 ulinyamaza hadi nikawa nawasikia Waarabu wao wachache wanavyoimba kule kwenye kona yao. Mjomba alikuwa ameshika karanga kwenye kikaratasi, alizinunua nje kabla hatujaingia, na nakwambia mpaka mapumziko hajala hata punje moja, anazungusha tu kile kikaratasi vidoleni. Kipindi cha pili tukasukuma, tukasukuma, na kila mshambuliaji wetu Mayele akigusa mpira watu wanasimama. Timu ile tuliiamini kwelikweli, ilishatolewa Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Sudan, ikashuka huku Shirikisho ikaenda kumtoa Club Africain kwao Tunisia, ikaongoza kundi lenye Mazembe na Monastir, ikawapita Rivers United na Marumo Gallants. Kwa hiyo moyoni nilijua goli linakuja.

Na likaja, dakika ya 82, Mayele. Sijui niliruka mara ngapi. Mbele yangu kulikuwa na jamaa mkubwa simjui hata jina, akageuka akanikumbatia, uso wangu wote ukazama kwenye jezi yake iliyolowa jasho, watu wanatetema juu ya viti, mtu analia nyuma yangu, na katikati ya makelele yale namsikia mjomba ananivuta shati anasema mjomba angalia uwanjani, wamepanda wote, mwambie mtu arudi nyuma, angalia uwanjani! Kama vile mimi ningeweza kumwambia mtu. Bado nimekumbatiwa vilevile nikasikia mikono ya yule jamaa inalegea. Nilipoinua uso mpira ulikuwa nyavuni kwetu. Merili, dakika ya 84. 2-1. Karanga zimemwagika zote kwenye ngazi.

Lile goli sikuliona siku ile na sijaliangalia mpaka leo, video zipo kibao.

Marudiano tarehe 3 mwezi wa 6 tuliangalia kwake Temeke, yeye, mimi na wanawe wawili wote Simba na usiku ule wote walikuwa Yanga. Dakika ya 7 tu penati, Djuma Shabani akaweka. Nilitoka nje kabisa nikapiga kelele peke yangu uani. Kipindi cha pili wao wakapata penati yao, kipa wetu Diarra akapangua, hapo mama mkwe wa mjomba ambaye hajui mpira alitoka chumbani kuuliza nani amekufa. Ikaisha 1-0. Tumewafunga kwao Algiers! Jumla 2-2, af kombe linaenda kwao kwa sababu ya magoli ya ugenini, yani mkilingana jumla anachukua aliyefunga mengi ugenini, sheria ambayo Ulaya walishaitupa toka 2021 na huku kwetu bado inakata watu shingo. Magoli mawili ya kwa Mkapa ndo yametumaliza, na mojawapo ndo lile la Merili.

Mjomba akazima TV kabla hawajaanza kugawa medali. Akanisindikiza mpaka barabarani kutafuta boda, tukatembea hatusemeshani, barabara nzima watu wamekaa vibarazani na jezi zao kimya.

Boda ilipofika ndo akaongea. Mjomba, akasema, sisi mwaka 93 hatukufunga hata goli moja, si kwao si kwetu. Nyie mmefunga mawili.

Nilitaka kumjibu, sauti haikutoka. Nikampa mkono nikapanda.